Diwani anataka kunilipa kimyakimya nimwandikie. Nikubali?

Shikamoo Shangazi,

Naishi Dar es Salaam, kwenye mtaa mmoja wa bondeni kandokando ya Mto Msimbazi. Jina la mtaa naomba ulifiche, maana ukilitaja tu majirani watanijua. Nina watoto wawili, na mume wangu ana duka dogo la vifaa vya umeme. Kazi yangu mimi ni kuandika. Sijaajiriwa na mtu. Natafsiri ripoti za mashirika kutoka Kiingereza, nahariri vitabu vya watu, naandika makala za magazeti nikipata nafasi, na mara mojamoja natunga michezo mifupi ya redio kuhusu afya. Mwezi ukiwa mzuri nalipa ada za watoto na kuweka kidogo kwenye kikoba. Mwezi ukiwa mbaya nashinda nikimpigia simu mhasibu wa mteja, naambiwa mwenye kusaini yuko safarini, na huku Luku inalia.

Mtaani kwetu ukishajulikana kwamba unaandika, karatasi hazikauki mlangoni. Akifariki mtu naitwa kuandika wasifu wa marehemu. Akija mgeni rasmi, risala naandika mimi. Wapo waliofanyiwa tathmini ya nyumba zao kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi na hawakuridhika na hesabu ya fidia, nao wananiletea makaratasi niwaandikie barua. Vijana waliomaliza kidato cha nne wanataka barua za kuombea kazi. Yote hayo ni bure. Sinung'uniki, Shangazi. Maji yalipoingia ndani kwangu hawa hawa ndio waliobeba watoto na magodoro wakavipandisha juu kwa jirani. Lakini kuna siku kazi ya mteja inachelewa kwa sababu mchana kutwa nimekaa na barua ya mzee wa nyumba ya tatu.

Mwaka huu kwenye mkutano wa mtaa watu waligombana kuhusu ada ya taka. Kila nyumba inatozwa, gari halionekani, taka zinaishia kwenye mtaro, mvua ikinyesha mtaro unaziba na maji yanarudi kwetu. Mkutano ukaunda kamati ndogo ya wakazi ya kufuatilia ada na mtaro. Wakanichagua katibu kwa makofi.

Tangu hapo mambo matatu yamenijia kwa pamoja.

La kwanza, alikuja kijana anayefanya kazi na diwani wetu. Akaniambia mheshimiwa anapenda ninavyoandika na yuko tayari kunipa laki tatu kila mwezi. Nimwandikie hotuba, niandike makala za maendeleo ya kata zitoke magazetini kwa jina langu kama makala zangu nyingine, na kwenye grupu la WhatsApp la mtaa watu wakianza kulalamika niwe "naweka mambo sawa". Akasisitiza kwamba habari ya malipo ibaki kati yetu.

La pili, mhariri wa gazeti moja ninaloliandikia amesikia kuna mgogoro wa taka kwetu. Anataka makala ndefu, na anataka niandike mimi kwa sababu naishi humo humo.

La tatu ni baba yangu mdogo. Ni balozi wa shina wa siku nyingi, mtu mwenye heshima zake, na ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Anataka nichukue kadi ya chama sasa hivi, nianze kujulikana, uchaguzi ujao wa serikali za mitaa nigombee uenyekiti. Anasema mtaa unahitaji mwenyekiti anayeweza kusoma mkataba mpaka mwisho. Nikimkatalia ataona nimemvunjia heshima.

Mume wangu anasema nichukue laki tatu. Ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mashirika yanakulipa uwaandikie, diwani akikulipa ubaya uko wapi?" Mwenzangu mmoja wa kalamu anasema nikikubali nitakuwa chawa, na kwamba mwandishi hatakiwi kuingia kwenye kamati yoyote, nijiuzulu hata huo ukatibu.

Niambie Shangazi. Nikubali hiyo kazi? Niachane na mambo ya mtaa nibaki na uandishi wangu? Au nifuate anachosema baba mdogo?

Mwandishi wa Bondeni

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Poleni na maji, na hongera kwa ukatibu. Mtaa uliochoka kudanganywa haumpigii makofi mtu ovyo.

Nianze na swali la mumeo, maana ni swali la haki na ameuliza kama mtu anayebeba familia. Ubaya uko hapa. Shirika likikupa ripoti uitafsiri, jalada lina jina la shirika. Msomaji akiifungua anajua nani anasema na kwa faida ya nani. Jina lako halipo, na hata lingekuwepo lingeandikwa kwamba wewe ni mfasiri. Diwani anataka kinyume chake. Maneno ni yake, pesa ni yake, jina ni lako, na anayesoma asijue. Jirani yako akisoma makala inayosifu mtaro ataamini ni wewe, uliyelowa naye, umeukagua ukaridhika. Imani hiyo ndiyo inayonunuliwa kwa laki tatu. Hotuba zake angeweza kuandikiwa na vijana wengi tu.

Kuandikia wanasiasa hakuna aibu ndani yake. Mwalimu Nyerere aliandika katika Sauti ya TANU, na mwaka 1958 akashtakiwa hapa hapa Dar es Salaam kwa makala aliyowashutumu humo maafisa wawili wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Mahakama ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye akalipa faini. Chapisho lile lilikuwa na jina la TANU juu kabisa. Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa The Nationalist na Uhuru, magazeti ya chama, kabla ya kuwa waziri na baadaye Rais mwaka 1995. Aliyenunua Uhuru alijua ananunua gazeti la nani. Waandishi wale walikuwa na upande, na upande wao ulisomeka kwenye ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo ninapopima kazi ya namna hii naangalia jambo moja: msomaji anajua wewe ni nani katika hicho unachomwandikia? Anayekulipa akitaka msomaji asijue, basi ukishapokea umeshamuuza msomaji huyo, hata kama kila sentensi uliyoandika ni ya kweli.

Utaniuliza, je, nikimwambia diwani nitaandika hotuba tu, kwa mkataba wa wazi, jina lake likae juu? Kwa mwandishi mwingine ningesema sawa, hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Kwako wewe nasema hapana, kwa kadiri utakavyokuwa katibu wa kamati ile. Ada ya taka inatozwa kwa sheria ndogo za halmashauri, na sheria ndogo hupitishwa na baraza la madiwani. Yeye ni mmoja wa watu ambao kamati yenu itawauliza maswali. Huwezi kuandika barua ya kuuliza asubuhi na jioni ukaandika jibu lake.

Mjibu yule kijana mapema, tena ana kwa ana, usimwache akingoja. Mwambie: "Mheshimiwa mfikishie shukrani zangu kwa kuniamini. Mkutano umenipa kazi ya kufuatilia suala la taka na yeye ni sehemu ya suala hilo, kwa hiyo siwezi kupokea malipo yake, ya wazi wala ya siri. Akiwa na takwimu au barua za kutusaidia kwenye kamati, tutazipokea na kuzisoma mbele ya wakazi." Ishia hapo. Usimtolee hotuba ya maadili. Diwani ni jirani, mtakutana msibani na kwenye kisima, na huenda kesho ndiye atakayewasaidia kupata gari la kuzoa taka. Kisha mwambie mwenyekiti wa kamati yenu kwamba ulifuatwa na ukakataa. Jambo la namna hii hujulikana tu, na ni afadhali walisikie kutoka kwako.

Mwenzako aliyesema uache na ukatibu simkubali. Nimekaa chumba cha habari hapa mjini miaka mingi, na mafundisho hayo ya kwamba mwandishi asiwe mtu wa mahali popote nimeyasikia sana. Yana maana kwa mwandishi aliyetumwa kuripoti bunge au mahakama. Wewe unaishi bondeni. Taka zinazoziba mtaro zinaingiza maji chumbani kwa wanao. Hakuna sheria wala kanuni ya taaluma inayomwambia mkazi asihudhurie mkutano wa mtaa wake kwa sababu anajua kuandika. Na mtaa unakuhitaji kwa kitu ambacho wengi hawakioni. Hapa naomba nikae kidogo.

Serikali ya mtaa ni ofisi ya karatasi. Mwenyekiti anachaguliwa na wakazi, mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, na mtendaji ndiye katibu wa vikao. Yeye ndiye anayeandika muhtasari. Mikutano mingi niliyohudhuria huenda hivi: watu wanazungumza kwa uchungu saa nzima, mtu anapiga kelele kuhusu choo, mwingine kuhusu kelele za baa, maazimio yanapita kwa mikono, mapato na matumizi yanasomwa haraka haraka, karatasi inarudi kwenye faili, watu wanatawanyika. Miezi inapita. Mkutano mwingine unaitwa, na kwenye ajenda kuna kipengele cha kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, halafu yatokanayo. Hapo ndipo mtaa unapopata au unapokosa. Kama azimio lenu la kusimamisha malipo mpaka gari lipite halikuandikwa, halipo. Kama liliandikwa kwamba "wakazi walishauri", wakati ninyi mliazimia, limekwisha nguvu. Na wasikilizaji wanaitikia "ndiyo" kwa sababu hakuna anayekumbuka maneno yalivyokuwa.

Wewe unakumbuka, au unaweza kuandika ukakumbuka. Kaa mbele na daftari. Andika tarehe, idadi ya waliohudhuria, nani alisema nini, azimio kwa maneno yake, na nani alipewa kulitekeleza lini. Usimnyang'anye mtendaji kazi yake. Mwombe tu nakala ya muhtasari wake, ulinganishe. Mkifika kwenye kuthibitisha, nyoosha mkono useme kwa adabu: "Mheshimiwa mwenyekiti, azimio namba mbili lilikuwa hivi." Fanya hivyo mikutano kadhaa uone jinsi mihtasari itakavyoanza kuandikwa vizuri. Kwa vikao vya kamati yenu ndogo, muhtasari ni wako rasmi. Uchape, ubandike nakala kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na nyingine pale kwa muuza genge, watu wasome wakinunua nyanya.

Ninasema haya kwa msisitizo kwa sababu ninyi ni watu wa bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na baadhi ya waliopoteza makazi wakapewa viwanja Mabwepande. Katika jambo kama lile, na katika fidia, na katika kila msaada unaopita serikali ya mtaa, kinachoamua ni orodha. Nani ameandikwa na nani hakuandikwa. Mpangaji wa chumba kimoja anasahaulika kirahisi kuliko mwenye nyumba. Mtaa wenye mtu mmoja anayeandika kwa uangalifu na asiyenunulika una kinga ambayo mtaa wa jirani hauna.

Kuhusu ada yenyewe, msianze na kelele, anzeni na nyaraka. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ombeni sheria ndogo inayotaja kiwango cha ada kwa nyumba, na mkataba wa mkandarasi anayezoa taka, hasa kifungu cha mara ngapi gari lipite. Pelekeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri huo ni rahisi kuambiwa haikufika. Na kwenye grupu la WhatsApp wekeni yale tu yaliyo kwenye karatasi au yaliyoazimiwa mkutanoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na sitaki mtu mwenye uchungu wa kweli aingie matatani kwa kiasi cha pesa alichokisikia kijiweni.

Barua za fidia zinanitia wasiwasi zaidi kuliko unavyofikiri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka anayeondolewa kwenye ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, lakini hesabu yake ina mambo ya tathmini na ya muda wa kupinga ambayo mimi na wewe hatukuyasomea. Barua nzuri yenye hoja mbaya inaweza kumharibia mzee wa watu. Endelea kuwasikiliza na kuwapangia makaratasi kwa tarehe, kisha wapeleke kwa wenye kujua. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana huduma ya msaada wa kisheria bila malipo hapa Dar, na kwa wanawake kuna WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake. Mwanasheria akikutana na faili lililopangwa vizuri anafanya kazi kwa nusu ya muda. Hapo utakuwa umewasaidia kweli.

Sasa hizi kazi za bure. Msiba hauna ratiba, wasifu wa marehemu andika hata usiku. Mengine yawe na siku. Tangaza kwamba Jumamosi asubuhi uko barazani kwa barua za watu, siku nyingine uko kazini. Watu wanaheshimu fundi cherehani aliyewaambia nguo iko tayari Alhamisi, na wewe watakuheshimu vilevile ukisema na kusimamia. Na wale vijana wa kidato cha nne wanaokuja kuandikiwa barua za kazi, acha kuwaandikia. Wachukue wawili wenye mwandiko na utulivu, wafundishe barua rasmi, risala, na muhtasari. Baada ya muda watakaa nawe barazani na foleni itagawanyika. Mtaa usitegemee mkono mmoja. Siku ukihamia Chanika je?

Pesa, maana laki tatu ile ilikuvutia kwa sababu ya huyo mwenye kusaini aliyesafiri. Tafsiri ndiyo inayokulisha, basi ilinde. Usianze ripoti ya shirika bila mkataba hata wa ukurasa mmoja, na bila malipo ya awali ya nusu. Mteja mzuri hashangai akiombwa. Weka tarehe ya kulipwa ndani ya mkataba. Wakikukata kodi ya zuio, ambayo kwa huduma ni asilimia 5, wadai cheti chake, kwa sababu ni kodi uliyokwisha kulipa na utaihitaji ukifanya hesabu zako na TRA. Na tafuta mteja wa pili wa kudumu kabla hujamtafuta wa kumi wa kupita. Diwani asingekuwa mteja wa kudumu hata kidogo. Pesa ya kisiasa hukatika siku upepo ukigeuka, na wewe ungebaki na jina lililokwishatumika.

Mhariri anataka makala. Nakuelewa, ni pesa na ni nafasi, tena jambo unalijua kuliko yeyote atakayetumwa na daladala kuja kuliangalia nusu saa. Lakini wewe ni katibu wa upande mmoja wa mgogoro. Habari ya kuripoti, yenye mahojiano na mkandarasi na diwani na halmashauri, usiandike wewe. Mwambie mhariri ukweli wote, hata lile la kwamba diwani alitaka kukulipa, kisha mpendekezee mwandishi mwingine na ujitolee kumtembeza mtaani, umpe nakala za barua zenye mihuri. Unachoweza kuandika ni makala ya maoni, na sentensi ya kwanza iseme: mimi ni mkazi wa mtaa huu na katibu wa kamati inayofuatilia suala hili. Ukisema hivyo unaweza kuwa na uchungu wote unaotaka, hakuna atakayekulaumu. Mhariri mwenye akili atakubali vyote viwili vitoke siku moja.

Nimeacha la baba mdogo mwisho kwa sababu ndilo linalokuumiza, naona ulivyoliandika.

Anachosema kina maana. Mwenyekiti anayesoma mkataba mpaka mwisho ni mtu adimu, na ningefurahi kuwaona watu wa aina yako wakigombea. Kadi utaihitaji kama utagombea, kwa sababu katika nchi yetu hakuna mgombea binafsi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikasema katazo hilo linakiuka haki, lakini utaratibu wetu haujabadilika. Kwa hiyo lazima upitie chama, na ndani ya chama lazima upitie kura za maoni, na wajumbe unawajua.

Ila fikiri uenyekiti wenyewe ni nini. Hauna mshahara. Ni kugongewa mlango alfajiri kwa barua ya dhamana ya kijana aliyekamatwa, ni ugomvi wa mipaka ya ukuta, ni barua za utambulisho, ni kila msiba na kila mgeni wa wilaya. Kwa mtu ambaye kipato chake kinategemea saa za kukaa kimya mezani, hiyo ni kazi ya pili nzima. Mumeo na wewe mtapaswa kuipigia hesabu kama mnavyopiga hesabu ya kodi ya fremu ya duka.

Na wakati si sasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024 na muhula ni miaka mitano. Una muda. Wakazi walikupigia makofi wakiwa wa vyama vyote, na wasio na chama, kwa sababu hawajui ukipiga kura unampa nani. Ukichukua kadi katikati ya suala la taka, hata kama kadi hiyo ni ya chama ninachokipenda mimi mwenyewe, nusu ya watu wataacha kukuletea risiti zao. Maliza kazi hii kwanza. Ukiona baadaye moyo wako uko kwenye uongozi, chukua kadi mchana kweupe, waambie wahariri wako, acha kuandika makala za siasa za mji huu kwa jina la mwandishi asiye na upande, na ugombee kwa nguvu zako zote. Nitakuunga mkono.

Baba mdogo mfuate nyumbani kwake, usimpigie simu. Nenda na mumeo, mwende na kitu mkononi. Mshukuru kwanza kwa shule, kwa jina lake, useme kwamba kusoma mikataba mpaka mwisho alikufundisha yeye kwa kukulipia ada. Kisha mwambie: "Baba, sijakataa. Watu wamenipa kazi ya taka, nikiivaa na kadi leo watasema nimetumwa na wewe. Niache niimalize, tuongee uchaguzi ukikaribia." Balozi wa siku nyingi anaelewa lugha hiyo. Halafu muombe msaada, kwa sababu wazee hupoa wakipewa nafasi. Yeye anaijua kila nyumba ya shina lake, nani amelipa ada ya taka na nani ana risiti. Mpe daftari jipya, mwambie kamati inahitaji orodha hiyo kabla ya mkutano ujao.